Alama na Madawati

Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, Bagamoyo, aliondoka pwani akaenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki, iliyokuwa chini ya chuo kikuu cha mji huo. Wanafunzi wake walikuwa wanasheria, maofisa na wafanyabiashara wa Kijerumani waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Walikuwa na vyeti vyao vya shule kubwa. Mwalimu wao hakuwa na cheti cha serikali yoyote. Alikuwa amesoma Kurani na vitabu vya dini kwa masheikh wa Bagamoyo, aliwahi kufanya kazi ya kukusanya kodi, na alizijua desturi za watu wa pwani tangu mtoto anapozaliwa mpaka mtu anapozikwa. Carl Velten alipochapisha *Desturi za Wasuaheli* mwaka 1903, sehemu kubwa ya maarifa yaliyomo ilikuwa ya Mtoro. Hakuna aliyemuuliza alipata alama ngapi. Berlin walitaka mtu anayejua, na nafasi ilikuwapo.

Namtaja yeye kwanza kwa sababu nimekaa miaka mingi nikiulizwa swali moja. Nimezaliwa Mkange, Bagamoyo, nimefundisha shule za msingi za kata yetu na za upande wa Miono mpaka nikastaafu, na kila mwaka wazazi walinifuata: mwalimu, alama ngapi zinatosha? Zamani waliuliza kuhusu kidato cha kwanza. Siku hizi vijana wetu waliohitimu wananiuliza kuhusu shahada ya uzamili, ya hapa na ya Ulaya na Marekani, GPA ngapi, pointi ngapi. Wanauliza kama watu wanaouliza kina cha mto kabla ya kuvuka, wakidhani kina ni kimoja siku zote. Nimesoma historia ya mitihani ya nchi yetu kadiri nilivyoweza, nimesimamia mitihani hiyo kwa miaka, na ninalolijua kwa hakika ni hili: alama ya kupita imekuwa ikipangwa na idadi ya madawati yanayomngoja mtoto mbele. Akili yake huja baadaye katika hesabu hiyo.

Kabla ya Wazungu, na hata baada ya kufika kwao, elimu ya juu ya pwani yetu haikuwa na mtihani wa siku moja. Mwanafunzi alikwenda kwa sheikh, akakaa naye, akasoma kitabu mbele yake, mstari kwa mstari, mpaka sheikh aliporidhika na kumpa ijaza ya kukifundisha kitabu kile. Bagamoyo mfano mkubwa ni Sheikh Ramiya, ambaye jina lake lilikuwa Yahya bin Abdallah. Aliletwa kutoka mashariki ya Kongo akiwa mtoto mtumwa. Akasoma, akaendelea, akawa khalifa wa twarika ya Kadiria, na mpaka alipofariki mwaka 1931 watu walikuwa wakitoka mbali kuja kwenye maulidi ya Bagamoyo kwa ajili yake. Sitaki kuipamba elimu ile kupita kiasi. Mwanafunzi alikuwa chini ya mkono wa mwalimu mmoja, na mwalimu akikuchukia ulikuwa na shida. Wasichana waliofika mbali walikuwa wachache. Lakini mtu aliyechelewa miaka mitatu hakufungiwa mlango. Alikalia mkeka uleule mpaka akakielewa kitabu.

Misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu ilifika Bagamoyo mwaka 1868, na mwaka 1881 wakajenga Mandera, upande wetu wa bara. Wajerumani nao walifungua shule ya serikali Tanga mwaka 1892, kisha nyingine mijini pwani, wakitafuta makarani na maakida. Hapo ndipo idadi ilipoanza kutawala. Serikali ilihitaji makarani kadhaa, basi ikasomesha vijana kadhaa. Huku kwetu, ambako Wazigua, Wadoe na Wakwere wengi ni Waislamu, wazazi waliogopa kwamba mtoto akipelekwa misheni atarudi na jina jingine. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, na gharama yake tuliilipa muda mrefu: mkoa ulioona shule za Kizungu mapema kuliko karibu wote ukabaki nyuma ya Kilimanjaro na Bukoba.

Waingereza ndio waliotengeneza chekeche kamili. Baba yangu alinieleza jinsi lilivyokuwa, na niliposoma baadaye nikakuta maelezo yake ni sahihi kabisa. Mtoto alisoma darasa la kwanza mpaka la nne. Mwisho wa darasa la nne kulikuwa na mtihani, na wengi walibaki hapo. Waliopita waliingia shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Darasa la nane mtihani tena. Darasa la kumi mtihani tena. Waliofika darasa la kumi na mbili walifanya mtihani wa Cambridge, karatasi zikasafirishwa Uingereza kusahihishwa na watu ambao hawakujua mhogo unapandwaje. Aliyepita vyote hivyo na kupata nafasi Makerere alikuwa mmoja katika maelfu. Julius Nyerere alipitia njia hiyo: Tabora, Makerere mwaka 1943, Edinburgh mwaka 1949. Makerere yenyewe haikuanza kutoa shahada, zile za Chuo Kikuu cha London, mpaka miaka ya 1950.

Katika kila ngazi ya chekeche lile, matundu yalipimwa kwanza. Shule ya kati ya wilaya ilikuwa na nafasi fulani za kulala, vitanda fulani, walimu fulani. Wakubwa walihesabu vitanda, kisha wakapanga majina ya watoto kutoka juu kushuka chini, na mahali vitanda vilipokwisha ndipo alama ya kupita ilipoandikwa. Baba yangu aliishia darasa la nne. Aliweza kusoma gazeti lote, kupiga hesabu za magunia ya korosho bila kalamu, na kuandika barua za kijiji kizima. Miaka yote aliamini kwamba alifeli. Hakuna aliyemwambia kwamba vitanda vilikwisha.

Wapo waliopita. Jakaya Kikwete, aliyekuja kuwa Rais, ni mtoto wa Msoga, wilaya yetu ya zamani ya Bagamoyo. Alisoma shule ya msingi hapohapo, akaingia shule ya kati ya Lugoba, mwaka 1966 akaenda Kibaha, halafu Tanga kwa kidato cha tano na sita, na mwaka 1972 akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, moja kwa moja. Ukitazama miaka hiyo utaona bahati yake ya wakati. Sekondari ya Kibaha ilikuwa ndiyo kwanza imejengwa kwa msaada wa nchi za Nordiki. Chuo Kikuu kilikuwa kimeanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 tu wa sheria, kisha kikahamia Mlimani mwaka 1964 na kupanuka. Kijana mwenye akili ileile aliyezaliwa miaka ishirini kabla yake, au hata kumi, angekuta mlango mwingine kabisa. Sipunguzi juhudi ya mtu. Nasema juhudi yake ilikuta majengo.

Nyerere aliliona tatizo hili waziwazi. Katika *Elimu ya Kujitegemea*, Machi 1967, alieleza kuwa ni kama asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi watakaopata nafasi ya sekondari, na akasema shule ya msingi haiwezi kuendelea kuwa maandalizi ya hao wachache huku wengine wote wakitoka wakijiona wameshindwa. Naiheshimu hoja ile mpaka leo. Mtihani wa darasa la nne ukafutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nchi ikajitoa katika mitihani ya nje, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria namba 21 ya mwaka 1973. Novemba 1974, kule Musoma, chama kikaamua mambo mawili makubwa: kila mtoto wa umri wa shule aandikishwe ifikapo mwaka 1977, na kijana asitoke kidato cha sita kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Aende kwanza kazini, na maombi yake yafike chuoni pamoja na maoni ya mwajiri wake na ya chama.

Uamuzi wa kwanza ulinikuta shuleni. Shule yetu ilikuwa imejaa. Kijiji kilikuwa kimekusanywa upya, watu wakitoka mashambani kwao, na walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba wenyewe, wakafunzwa ualimu hukuhuku vijijini kwa ajili ya mpango ule. Tuliwaita walimu wa UPE, yaani wa elimu ya msingi kwa wote. Watu wamewasema vibaya sana, na mimi nitawatetea maisha yangu yote. Aliyenifundisha madarasa ya mwisho alikuwa mmoja wao. Alijua kidogo, lakini kile kidogo alikitoa chote.

Mwaka 1978 nilifanya mtihani wa darasa la saba. Kwa miaka mingi mtihani ule ulikuwa na karatasi tatu, Lugha, Hisabati na Maarifa, kila moja alama 50, jumla 150. Msimamizi alitoka shule nyingine, bahasha za kaki zikafunguliwa mbele yetu, tukaandika namba zetu badala ya majina. Nyuma yangu alikaa kijana aliyekuwa akitufundisha asilimia na sehemu mwalimu anapokuwa hayupo. Baada ya miezi matokeo yakaja: karatasi moja iliyopigwa chapa, ikabandikwa ukutani mwa ofisi ya mwalimu mkuu. Ilikuwa na majina ya waliochaguliwa, basi. Alama hazikuwapo. Mtoto wa kike nilikuwa peke yangu, na kulikuwa na mvulana mmoja. Hakuwa yule wa nyuma yangu.

Sijawahi kujua nilipata alama ngapi. Hakuna mtoto aliyeambiwa. Aliyechaguliwa alishangiliwa, ambaye hakuchaguliwa alihesabiwa amefeli, hata kama alizidiwa kwa alama moja, hata kama angeishi wilaya nyingine angechaguliwa. Yule kijana leo ni mvuvi Saadani. Samaki wakiletwa mnadani, hesabu anaimaliza kichwani kabla mwenye kikokotoo hajabonyeza. Mwanawe nilimfundisha mimi.

Kwa nini nilichaguliwa mimi? Sababu ya kwanza ni kwamba nilifanya vizuri, hilo nalijua. Sababu ya pili ni utaratibu. Katika miaka ya 1970 serikali iligawa nafasi za sekondari kwa mikoa na wilaya, ili zisiishie zote sehemu ambako misheni zilijenga shule nyingi. Pia sekondari nyingi zilikuwa za bweni, za wavulana peke yao au wasichana peke yao, kwa hiyo wasichana walishindana na wasichana. Msichana wa Pwani aliweza kuingia kwa alama ambazo mvulana wa Moshi angeachwa nazo.

Watu wa mikoa ile walilalamika, na wengine wanalalamika mpaka sasa. Malalamiko yao yana haki ndani yake: mtoto wao hakuchagua kuzaliwa palipo na watoto wengi waliosoma vizuri. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi, na msimamo wangu haujabadilika. Bila mgao ule hakuna msichana wa Mkange angekanyaga sekondari mwaka ule, wala mwaka uliofuata, na bila sisi hakuna mwalimu mwanamke angerudi kufundisha hapa. Wanaosema alama zishindane peke yake husahau kwamba alama za Moshi zilikuwa na maktaba nyuma yake, na wazazi wanaosoma, na walimu waliokaa. Za kwetu zilikuwa na mwendo wa kilomita kadhaa asubuhi na hofu ya nyati upande wa Saadani. Mgao haukutupa akili. Ulitupa dawati.

Waliokosa hawakukubali kimyakimya. Katika shule nyingi za nchi hii, miaka ya 1980 na 1990, watoto walirudi darasa la sita au la saba kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha shule, ili wafanye mtihani mara ya pili, maana kurudia hakukuruhusiwa. Ninawajua watu wazima, wenye vyeo na heshima, wanaoitwa majina mawili: moja la nyumbani, moja la cheti. Mama zao huwaita hivi, waajiri huwaita vile. Sheria ilisema ni udanganyifu, na ni kweli. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne anayekubali kuacha jina alilopewa na babu yake ili apate kusoma, mimi siwezi kumwita mwizi.

Uamuzi wa pili wa Musoma, ule wa chuo kikuu, haukudumu kama ulivyotangazwa. Wazo lilikuwa zuri. Karatasi ya mtihani haionyeshi kama mtu ni mvivu au mchapakazi, anajali watu au anajijali mwenyewe. Kumbuka pia kwamba ni miaka minane tu ilikuwa imepita tangu Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza 393. Hakutaka Mlimani iwe kisiwa cha wateule. Lakini maoni ya mwajiri na chama yalimpa mkubwa wa ofisi nguvu kubwa juu ya maisha ya kijana, na wasichana waliokwenda kazini kwanza wengi waliolewa, wakapata watoto, hawakurudi. Idadi yao chuoni ikashuka, na baada ya miaka michache wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Taratibu sharti lote likalegea. Kilichobaki chenye faida ni mlango wa watu wazima, mtihani maalumu wa walio kazini, na baadaye Chuo Kikuu Huria kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Shahada yangu niliipatia huko nikiwa mwalimu, nikisoma usiku kwa taa ya chemli, watoto wamelala. Sikuhitaji kitanda cha bweni, kwa hiyo hakuna mtu aliyelazimika kuachwa ili mimi niingie.

Sasa nije kwenye ushahidi ambao kila mtu mwenye umri wangu ameuona kwa macho. Katika miaka ya 1980, kwa kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi Tanzania, walioingia sekondari ya serikali hawakufika 10. Tuliambiwa watoto wetu ni wazito. Halafu ukaja mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004, na baada ya uchaguzi wa 2005 serikali ikahimiza kila kata ijenge sekondari. Watu walibeba mawe na mchanga, wakachangia matofali, wakati mwingine kwa kulazimishwa. Madarasa yakasimama. Ghafla watoto wengi wa Mkange, Gongo na Matipwili wakawa wamefaulu. Mtihani wakati huo ulikuwa wa masomo matano, jumla 250, na mtoto mwenye 100 alihesabiwa amepita. Hawa ni wadogo na watoto wa wale walioambiwa ni wazito. Damu ni ileile, maji ya Wami ni yaleyale. Kilichoongezeka ni vyumba.

Shule za kata zilikuwa na upungufu mkubwa wa walimu, hasa wa Hisabati na Sayansi, na nyingi hazikuwa na maabara. Deni hilo lililipwa na watoto. Februari 2013 Dk. Shukuru Kawambwa, Waziri wa Elimu wakati huo na pia mbunge wa Bagamoyo, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilitikisika. Vyombo vya habari viliripoti vijana waliojiua. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na mwezi Mei serikali ikafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu uliotumika mwaka uliotangulia, kwa sababu Baraza lilikuwa limebadili namna ya kupanga madaraja.

Naomba msomaji alitafakari tukio hilo vizuri. Hakuna mtoto aliyerudi kwenye chumba cha mtihani. Hakuna aliyeandika herufi nyingine hata moja. Karatasi zilikuwa zilezile, majibu yaleyale, na maelfu ya vijana waliolala wakiwa sifuri wakaamka wana cheti. Mwaka uliofuata ukaletwa mfumo wa GPA badala ya divisheni, na baada ya muda mfupi divisheni zikarudi. Mtu akiniambia alama ni kipimo kilichoshuka kutoka mbinguni, namkumbusha mwaka 2013.

Chuo kikuu nacho kimebadilika kwa namna hiyohiyo. Leo Tume ya Vyuo Vikuu inahesabu A kuwa pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kwa programu nyingi mwombaji anatakiwa awe na pointi zisizopungua 4.0 katika masomo mawili ya kidato cha sita. D mbili zinatosha. Zamani chuo kilipokuwa kimoja, kijana mwenye D mbili hakuthubutu hata kuota Mlimani. Vyuo vimekuwa vingi, mlango umepanuka, na msongamano umehamia juu: kwenye udaktari, kwenye uzamili wenye ufadhili, kwenye ajira ya kufundisha chuoni.

Huko juu ndiko aliko binti wa kaka yangu. Alisoma takwimu Mlimani akatoka na GPA 3.6 kati ya 5, daraja la pili la juu. Kwa shahada ya uzamili hapa nchini anayo zaidi ya inayohitajika, maana kiwango cha chini ni 2.7. Alitamani Marekani. Akaniambia, "Shangazi, wanataka GRE." Nikamwambia anieleze ni nini, tukakaa barazani akanieleza, nami baadaye nikatafuta historia yake.

Mtihani huo ulianza katika miaka ya 1930 kwa majaribio ya taasisi ya Carnegie pamoja na Harvard, Yale, Princeton na Columbia. Sababu yake ilikuwa ya kueleweka: waombaji walitoka vyuo vingi ambavyo maprofesa hawakuvijua, wakahitaji kipimo kimoja cha kuwalinganisha. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha na askari wakafurika vyuoni kwa gharama za serikali, kipimo hicho kikawa chekeche. Sehemu za lugha na hesabu sasa hutolewa alama kati ya 130 na 170 kila moja. Ada yake ni zaidi ya dola 200, nayo ni mshahara wa mwezi kwa watu wengi hapa kwetu. Binti yetu alifanya vizuri sana upande wa hesabu. Upande wa lugha alikutana na maneno ya Kiingereza ambayo Mwingereza mwenyewe huyasoma kwenye riwaya za zamani tu. Alijifunza kwa kadi alizoandika mwenyewe, akizipitia kwenye basi la Msata. Kinachonichoma ni kwamba wenye mtihani wenyewe, ETS, wameviandikia vyuo miaka yote visimkatae mtu kwa kizingiti cha alama ya GRE peke yake. Idara zikipokea maombi mia tano kwa nafasi kumi, zinatafuta pa kukata. Na idara nyingi zilipoacha kuudai wakati wa ugonjwa wa korona, ziliendelea kupata wanafunzi wa kusoma uzamivu.

Hapa nyumbani kizingiti chake ni kingine. Vyuo vikuu vya umma vikitangaza kazi za ngazi ya mwanzo ya ualimu chuoni, vinataka GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, na kwa mhadhiri msaidizi 4.0 katika uzamili. Yeye ana 3.6. Sehemu mbili za kumi. Zilipotea mwaka wa kwanza, muhula ambao baba yake alikuwa mgonjwa na yeye akawa anapanda basi kurudi Mkange kila Ijumaa. Hakuna sehemu ya fomu inayouliza hilo. Nakubali kwamba chuo kinahitaji wenye uwezo mkubwa, na kwamba namba hulinda dhidi ya kujuana na kubebana, ugonjwa tuliouona katika yale maoni ya mwajiri na chama baada ya Musoma. Lakini 3.8 haikufikiwa kwa kupima ni nani anayeweza kufundisha takwimu. Imewekwa kwa sababu waombaji ni wengi na nafasi ni chache, na nafasi zikiongezeka kesho mtaona itashuka, kama vile 100 ya darasa la saba ilivyowatosha watoto wa mvuvi ambaye hakuchaguliwa.

Kwa sasa anasoma uzamili hapa nchini na kufundisha Hisabati sekondari. Wanafunzi wake wa kidato cha nne ni wa kwanza katika shule hiyo kupata B na A za Hisabati kwa wingi huo.

Siku hizi mzazi wa Mkange hufungua simu akaona daraja la mwanawe, somo kwa somo. Hiyo ni haki ambayo sisi hatukuipata, na nimefurahi kuishi hadi kuiona. Kuna namba moja bado haisomwi, nayo ni ile ya nafasi. Mkutano uliopita wa wazazi nilisimama nikamwomba afisa elimu kata kwamba kabla ya kusoma majina ya waliochaguliwa kwenda shule za bweni na za vipaji maalumu, asome kwanza wilaya yetu ilipewa nafasi ngapi, za wavulana ngapi, za wasichana ngapi, na waliofanya mtihani walikuwa wangapi. Wengine waliguna, wakaona ninachelewesha mkutano. Mvuvi wa Saadani aliyekaa safu ya nyuma alinyanyua mkono akaniunga. Afisa amekubali, na mwaka huu ataisoma.